Tunajua Livingstone Alilala Wapi. Isike Je, Alifia Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Tabora mjini, mbele ya wazee, walimu, wazazi na wanafunzi. Mvua iliwazuia wengi kufika, nao wakaniomba niwaandikie maneno yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, mwangaluka. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kila mwaka nilipopata darasa jipya nilianza na maswali mawili. La kwanza: nani anajua Livingstone alikaa wapi hapa Tabora? Mikono ilipanda kama mtama. Kwihara, mwalimu! Kwenye tembe, mwalimu! Wengine walikuwa wamepelekwa kule na shule, wameiona milango, wameziona picha ukutani. Vizuri. Swali la pili: nani anajua Isike alifia wapi?

Kimya.

Mwaka mmoja kijana mmoja alinyanyua mkono taratibu, akauliza, "Mwalimu, huyo Isike alikuwa mchezaji wa timu gani?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, na sikumlaumu yule kijana. Nilijilaumu mimi, nikawalaumu wenzangu, nikatulaumu sisi sote tuliozaliwa katika ardhi hii. Mtoto hajui asichoambiwa. Nani alimwambia?

Ndugu zangu, Livingstone alikaa Kwihara miezi michache. Alifika na Stanley Februari 1872, na Agosti mwaka huohuo akaondoka. Alikuwa mgeni, na mgeni ana heshima yake, simnyimi. Lakini Isike alikuwa mwenyeji. Alikuwa mtemi, yaani mtawala wa jadi, wa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, kuanzia 1876 mpaka Januari 1893, na siku alipoondoka aliondoka na boma lake. Nyumba ya mgeni tumeitunza. Ya mwenyeji je?

Ndiyo nimekuja kuwazungumzia Mtemi Isike mwana wa Mkasiwa. Sikuja kumpamba. Akipambwa sana mtu haonekani tena, na mimi nataka mumwone.

Tuanze na njia, kwa sababu bila njia humwelewi Isike.

Tabora hii mnayoiona, yenye stesheni na miembe, miaka 150 iliyopita ilikuwa njia panda ya nusu ya Afrika. Ukitoka Bagamoyo na msafara, ulifika hapa baada ya miezi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia hapa, wakati huo pakiitwa Kaze, mwezi Novemba. Hapa njia ziligawanyika. Moja iliendelea magharibi hadi Ujiji na ziwani, moja ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine ilishuka kusini kuelekea Katanga. Pembe za ndovu zilipita hapa, na nguo, shanga, bunduki, baruti, chumvi. Na watu pia walipita hapa, wamefungwa minyororo. Hilo nitalirudia, maana halifichiki.

Nani aliibeba mizigo hiyo? Babu zetu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweka frasila mbili begani, kama kilo 32 hivi, akatembea nazo tangu hapa mpaka bahari ya chumvi, akarudi na nguo na hadithi. Kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili.

Sasa fikirini. Watu maelfu wanapita kwenye ardhi yako. Wanakunywa maji ya visima vyako, wanakata kuni zako, wanakula chakula cha wakulima wako. Je, wapite bure? Mtemi alikuwa na jibu, nalo jibu liliitwa hongo.

Hapo naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu neno hili linaniuma. Leo ukisema "hongo" kila mtu anafikiria mtu anayepenyeza noti chini ya meza. Lakini katika zama za misafara hongo ilikuwa ushuru. Ilikuwa haki ya mwenye ardhi. Msafara ulifika, ukatuma watu kwa mtemi, ukajadiliana naye, ukalipa nguo na shanga, ukapewa njia na ulinzi. Serikali yoyote inayojiheshimu inafanya hivyo mpaka leo. Mpakani unalipa, bandarini unalipa. Mbona ilipokuwa inatozwa na mtemi ikaitwa usumbufu na tamaa? Someni walivyoandika wasafiri wa Kizungu: karibu kila kituo wanalalamikia hongo, kana kwamba wanapita msitu usio na mwenyewe. Na sisi neno tumelipokea likiwa limeshachafuka, tukaendelea kulitumia hivyo hivyo.

Kuna neno lingine lililopata bahati nzuri zaidi. Makazi ya mtemi Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma waliyaita ikulu. Wengine hutamka ikuru. Kwikuru maana yake ni pale kwenye makao ya mtemi. Leo Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania anakaa wapi? Ikulu! Kila taarifa ya habari inalitaja. Hilo neno limetoka nyumbani kwetu. Siku Wajerumani walipokuja kulibomoa boma la Isike, kwenye taarifa zao waliandika mahali hapo panaitwa "Quikuru kwa Sikki". Sikki ndiye Isike. Walishindwa hata kuliandika jina lake, lakini neno ikulu waliliacha likiwa hai.

Turudi kwenye hongo. Kabla ya Isike alikuwepo Mnywa Sele. Alipokea utemi baada ya Fundikira kufariki 1858, akaangalia bidhaa zinazoingia, akasema na hizi zilipiwe ushuru. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamejenga hapa wakakataa. Ikawa vita. Kufikia 1860 walikuwa wamemng'oa na kumweka ndugu yake, Mkasiwa. Mnywa Sele hakukubali. Alizunguka porini na watu wake, akakata njia, akapiga misafara, miaka ikapita, mpaka alipouawa 1865.

Mnaona? Mtemi aliyedai haki yake aling'olewa. Aliyekubaliana na wafanyabiashara akawekwa. Na huyo aliyewekwa ndiye baba yake Isike.

Hapa ndipo mimi humheshimu Isike kuliko mahali pengine popote. Kiti alichokikalia kilitengenezwa na wafanyabiashara. Baba yake alikaa juu yake kwa hisani yao. Isike angeweza kukaa kimya, akapokea zawadi, akazeeka salama. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alianza kutaka kiti kiwe chake kweli. Alitaka ushuru wake, alitaka kauli yake iwe ya mwisho katika nchi yake. Waliomzoea baba walishangaa kwa mwana. Nawauliza vijana mliopo hapa: ni rahisi kumgomea aliyekuinulia nyumba ya baba yako?

Mirambo, mtemi wa Urambo, mnamjua, sina haja ya kukaa hapo. Vita vyake na Waarabu wa Tabora vilianza 1871, hata Stanley akajiunga navyo upande wa Waarabu, na Mirambo alikufa Desemba 1884. Unyanyembe na Urambo walikuwa mahasimu. Basi wakati mkubwa wa magharibi anaondoka, Isike ndiye aliyebaki na nguvu katikati ya nchi, na upande wa pwani kulikuwa na kitu kinakuja.

Kilikuja na karatasi. Mjerumani Carl Peters alianza na karatasi za mikataba 1884. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza wakatia saini mkataba wao wa kugawana, kule kwao, bila mtu mmoja wa Unyanyembe kuwepo. Mwezi uliofuata, Agosti 1890, Emin Pasha, mjumbe wa Wajerumani, akapandisha bendera ya Ujerumani hapa Tabora. Angalieni walikubaliana na nani. Walikubaliana na Waarabu wa mjini! Mwenye nchi yuko Kwikuru na ngoma zake, na watu wake, na makaburi ya wazee wake, halafu nchi yake inapatanwa barazani kwa mfanyabiashara.

Isike alifanya nini? Kwanza alipima. Mtu mzima hakurupuki. Lakini Wajerumani walipoweka kituo chao, wakaanza kuamua mambo ya misafara na kumwona mtemi kama mtu wa kupewa amri, mambo yaliharibika. Mwaka 1892 ulikuwa mwaka wa mapambano. Njia zilifungwa. Askari wa kituo wakawa hawako salama nje ya kuta zao. Wajerumani wakalishambulia boma la Isike, wakashindwa. Wakajaribu tena mwaka huohuo, wakashindwa tena.

Nataka mlione lile boma, maana tukisema "boma" siku hizi watu wanafikiria ofisi ya mkuu wa wilaya. Boma la mtemi lilikuwa mji. Ukuta mnene wa udongo uliokandwa na magogo. Ndani yake nyua na vyumba vya tembe, paa bapa la udongo, vijia vinavyopinda ili adui akiingia asijue aende kushoto au kulia. Ndani mna maghala ya chakula, mna wanawake na watoto, mna ng'ombe, mna ghala la baruti. Risasi ya bunduki ikipiga udongo ule inamezwa. Ndiyo maana wale waliozoea kutisha watu kwa mlio wa mzinga walifika pale wakarudi wakiwa wamebeba majeruhi wao.

Januari 1893 wakamtuma Luteni Tom Prince. Huyu watu walimpa jina la Sakarani. Alikuwa na askari wake, na alikuwa na wenyeji waliojiunga naye, rugaruga, yaani wapiganaji wa hapa hapa. Kumbukeni hilo. Waliizingira Kwikuru, wakapigana siku kadhaa, mpaka wakauvuka ukuta.

Bibi yangu mzaa mama aliniambia habari hii nikiwa na miaka tisa au kumi. Alikuwa amekaa juani anatandaza matobolwa, vile viazi vikavu, kwenye ungo, kimoja kimoja, anavigeuza kwa kidole. Mikono yake haikusimama hata alipokuwa anasema. Alisema mama yake alikuwa msichana mdogo, ametumwa maji. Ikasikika ngurumo. Akaangalia juu, maana Januari ni mwezi wa mvua, akangoja tone la kwanza limwangukie usoni. Mvua haikunyesha. Ulikuwa moshi unapanda upande wa Kwikuru.

Isike alikuwa ameingia kwenye ghala la baruti pamoja na jamaa zake, akaliwasha.

Nilimuuliza bibi, "Alikufa?" Akageuza kipande kingine cha kiazi. Akasema, "Hapo ndipo pabaya. Hakufa."

Hakufa, ndugu zangu. Walimtoa kwenye kifusi akiwa hai kidogo tu, mwili umeharibika, pumzi zinahesabika. Wangemwacha dakika chache angekata roho mwenyewe. Lakini walimning'iniza mtini. Mtu anayekufa walimnyonga!

Kwa nini? Nimelifikiria swali hili maisha yangu yote ya ualimu. Mimi naona hivi: Isike alikuwa ameamua mwisho wake kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mtawala mgeni hilo halikuvumilika. Ilibidi watu waone kwamba hata kifo cha mtemi sasa kinatolewa na Mjerumani. Ule mti ulikuwa barua kwa watemi wengine wote.

Je, waliisoma ile barua? Wengine waliisoma wakanyamaza. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakunyamaza. Alikuwa ameshawapiga Wajerumani kule Lugalo Agosti 1891, akauawa kamanda wao Zelewski. Mwaka na miezi tisa baada ya Isike, Oktoba 1894, Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka, na Prince huyuhuyu alikuwemo. Mkwawa akaingia porini, akawasumbua mpaka Julai 1898, akajipiga risasi ili wasimkamate. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudi Iringa mwaka 1954. Angalieni watu hawa wawili, mmoja Unyanyembe, mwingine Uhehe: kila mmoja alikataa kukamatwa hai. Wahehe wanajua kaburi la fuvu liko wapi. Wanakwenda pale, wanasimama, wanawaambia watoto wao. Nimefika Kalenga mwenyewe nikaona, nikarudi Tabora na kitu kimenikaa kooni.

Prince naye aliuawa Tanga Novemba 1914, katika vita vya Wajerumani na Waingereza. Habari yake iishie hapo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo wazee wengine waliniambia nisiigusie. Shikamooni wazee wangu, lakini nitaigusia.

Isike hakuwa malaika. Utajiri wa watemi wa zama zile ulitokana na pembe na ulitokana na watu. Watumwa walipita katika njia hii na watumwa waliishi katika nchi hii. Wapo watu ambao kwao kuanguka kwa boma lile halikuwa jambo la kulia. Tukiwaficha hao, tutakuwa tunawafanyia watoto wetu yale yale tuliyofanyiwa na vitabu vya mkoloni: kupewa nusu ya habari. Naweza kumheshimu mtu aliyekataa kutawaliwa, na wakati huohuo nikawalilia waliotawaliwa naye. Moyo wa mtu mzima una nafasi ya vyote viwili.

Na la pili, ambalo ndilo lilinileta hapa leo. Boma la Isike halikuangushwa na Prince peke yake.

Nimesema kulikuwa na wenyeji upande wa Prince. Nani aliwajua watu wa ndani? Nani aliijua njia? Nani alijua mtemi amegombana na nani? Baada ya Isike kufa, Wajerumani hawakuhangaika kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti. Alikuwepo tayari. Walimweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi, wa upande uliokuwa ukishindana na Isike. Simtukani Nyaso. Huenda na yeye alikuwa na madai yake ya haki, huenda aliona afadhali nchi ibaki na mtu wa damu kuliko ibaki tupu. Lakini tazameni mchezo. Mwaka 1860 wafanyabiashara walimng'oa Mnywa Sele, wakamweka Mkasiwa. Mwaka 1893 Wajerumani walimuua mwana wa Mkasiwa, wakamweka Nyaso. Mara mbili katika miaka 33! Mgeni hakuleta mtawala kutoka kwao. Alikuta nyumba ina ufa, akapitisha mkono kwenye ufa uleule.

Niwaambie kitu cha nyumbani kwangu. Baba yangu alikuwa na ndugu zake wawili. Walirithi shamba moja, zuri, lina miembe mikubwa na kisima. Wakagombana kuhusu mpaka. Mpaka wenyewe hauzidi hatua kumi na tano, nimeupima kwa miguu yangu. Waligombana miaka sita. Walikuwa wanapishana njiani hawasalimiani, na watoto wao sisi tukakatazwa kucheza pamoja. Akaja mtu mwenye fedha, simtaji. Akaenda kwa mmoja usiku, akaenda kwa mwingine asubuhi, kila mmoja akamwambia, "Mwenzako ameshakubali." Katika wiki mbili shamba lote likaondoka kwa bei ya kutupa. Siku ya kung'oa uzio baba yangu na ndugu zake walisimama upande mmoja wa barabara, pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alimpa mwenzake ugoro. Shamba halikurudi.

Nikisoma habari za Unyanyembe huwa nawaona wazee wale watatu barabarani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Isike alishindwa kwa sababu ya bunduki, namjibu: bunduki zilikuwepo, ndiyo, lakini mwaka 1892 bunduki zilikuwepo pia, na boma lilisimama. Ukitaka kujua lilivyoanguka, hesabu na wale rugaruga waliosimama nyuma ya Prince.

Yaliyofuata mnayajua, nayapitia haraka. Mjerumani akajenga boma lake. Reli ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na njia iliyokuwa ya miguu ya wapagazi ikawa ya chuma. Wabelgiji wakaingia hapa Septemba 1916, kisha Mwingereza. Shule ikajengwa ya kuwafundisha watoto wa watemi, na humohumo akasoma mtoto wa mtemi mdogo wa Butiama, Julius Nyerere.

Lakini nisimame kidogo Januari 1958. Mwezi uleule! Miaka 65 kamili tangu moshi wa Kwikuru. TANU inafanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Mwingereza ametoa sharti la kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Sharti la dharau kabisa. Watu wamekuja na hasira, wanataka kususia. Nyerere anawaomba waingie kwenye uchaguzi hivyo hivyo. Walibishana siku kadhaa. Wakakubaliana. Zuberi Mtemvu alikataa akaenda kuanzisha chama chake, na hiyo ilikuwa haki yake. Waliobaki wakaingia kwenye uchaguzi wakiwa kitu kimoja, wakashinda. Ndiyo tunauita Uamuzi wa Busara, na mnara wake tunao.

Mimi nikipita pale huwa namfikiria Isike. Mji uleule uliomwacha mtemi wake peke yake na baruti, safari hii watu walikaa chumba kimoja, wakabishana mpaka wakachoka, halafu wakatoka mlango mmoja. Na uhuru ulipopatikana, mmoja wa mawaziri wa kwanza kabisa alikuwa Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ukoo uleule.

Sasa nawaomba nini? Sikuja hapa kuomba sanamu, ingawa mwenye fedha ya sanamu asizuiwe. Nawaomba kitu cha bei nafuu zaidi, ambacho kila siku kinapungua. Nawaomba maneno. Karibu kila kilichoandikwa kuhusu siku zile za Kwikuru kiliandikwa na waliolipiga boma lile. Wao walihesabu risasi zao, wakahesabu majeruhi wao. Nani alihesabu wetu? Wake wa Isike waliokuwa mle ndani walikuwa na majina. Wale wapiganaji waliokaa ukutani mwaka mzima walikuwa na majina, na walizaa, na wajukuu wa wajukuu wao wengine wamekaa humu ukumbini hawajui. Bibi yangu alifariki na mengi. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na madaftari, nilikuwa mwalimu wa historia, na sikuandika. Nilidhani yupo tu. Hilo nitalijibu mimi.

Wazee, msituambie kwamba mmesahau. Anzeni na mlichonacho, hata kama ni wimbo nusu, hata kama ni jina la mti. Na vijana, msiwasahihishe wakati wanasema. Mzee akikosea mwaka, mwache akosee. Mwaka utautafuta baadaye, lakini alichoambiwa na bibi yake hukipati kwingine.

Jumamosi ijayo tunakwenda. Tutaanzia Kwihara, tutaipita ile tembe ya wageni, halafu tutafika kwa wazee wa upande wa Kwikuru, na tukimaliza mapema tutafika Itetemia. Tunaondoka saa moja asubuhi kutoka stendi, na gari halitamngoja mtu. Njooni na viatu vya kufunga, maana udongo wa kule ukinyeshewa unashika mguu. Wanafunzi, simu mnazo, chaji ijae tangu Ijumaa usiku. Kinasa sauti mkiwashe mkiwa bado mnasalimia, kabla hata hamjakaa. Mzee huwa anasema neno kubwa wakati anakuvutia kigoda.